Matembezi ya Materuni wakati wa masika

Wageni wengi huikwepa Moshi kati ya Machi na Mei kwa kuogopa mvua, lakini mimi nimeona kwamba huo ndio wakati ambapo maporomoko ya Materuni, yaliyo kwenye miteremko ya Kilimanjaro kaskazini mwa mji, huwa na maji ya kutosha kumlowesha hata mtu aliyesimama mbali. Tulitembea na mwongozaji wa kijijini kupitia vihambani, yaani mashamba yanayozunguka nyumba, ambako migomba na mikahawa hupandwa pamoja, na mifongo, yaani mifereji ya asili ya Wachaga, ilikuwa imejaa hadi ukingoni.

Njia ilikuwa na utelezi mkali. Aliyekuja na raba za mjini alianguka mara mbili (najisema mwenyewe), na lalamiko langu kubwa ni kwamba waliotupeleka hawakututahadharisha mapema.

Kilichonifurahisha zaidi ni kahawa. Tulizitwanga buni kavu kwenye kinu ili kuondoa maganda, tukazipepeta kwa ungo, kisha mama mwenye nyumba akazikaanga juu ya kuni, akikoroga bila kupumzika mpaka zikawa nyeusi zenye kung'aa na harufu yake ikatanda jikoni kote. Kikombe cha kwanza nilikinywa bila sukari, jambo nisilolifanya kamwe nyumbani. Mtori, yaani supu ya ndizi na nyama, uliofuata ulikuwa wa kawaida tu.

Mtakaokwenda, vaeni buti, chukueni nguo za kubadilisha, na mwondoke mjini asubuhi na mapema, kwani sisi mvua ilitukuta saa nane mchana tukiwa bado njiani.