Simu laini yenye laini moja: mwaka na nusu tangu nihame Android

Sifuri ndizo zilizonihamisha.

Ilikuwa Jumamosi mchana, dukani kwangu Kariakoo, wateja wamejaa mpaka kizingitini. Nilikuwa namlipa aliyeniletea mzigo wa vitenge, ananidai 45,000 zilizobaki. Nikapiga *150*00#, nikafika kwenye kiasi, nikabonyeza nne, tano, sifuri. Sifuri haikutokea. Nikabonyeza tena, kimya. Kioo kimeganda. Nikawa nagonga tu kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ya watu waliohama. Ghafla simu ikazinduka, sifuri zote zikaingia kwa mkupuo, na mimi huku mteja ananiuliza bei ya doti, nikatuma bila kutazama. Kilichoniokoa ni ule ujumbe wa kuhakiki: jina la mpokeaji, kisha kiasi, 450,000. Nikaghairi. Yule mtu wa mzigo akacheka: "Dada, ungeacha tu, ningekuletea vingine."

Simu yenyewe ilikuwa Android ya bei nafuu niliyoinunua mpya mwaka 2021. RAM, yaani kumbukumbu ya kazi zinazoendelea, GB 4; hifadhi GB 64. Kwenye boksi waliandika kwa maandishi makubwa "4+3", nami nikajihesabia saba. Baadaye ndipo nikaelewa kwamba hizo tatu si RAM. Ni kipande cha hifadhi ya kawaida kinachoazimwa kifanye kazi ya RAM, na hifadhi ya simu za bei ile mara nyingi ni ya aina ya eMMC, ambayo haiwezi kusoma na kuandika kwa wakati mmoja. Ni mlango mwembamba wa stoo: anayetoka na mzigo lazima ampishe anayeingia. Simu za ghali zaidi hutumia UFS, yenye njia mbili. Kwa hiyo picha zangu zote za vitenge, magrupu ya WhatsApp ya ukoo, ya harusi na ya kikoba, pamoja na hizo GB 3 za mkopo, vyote vilikuwa vinagombea mlango mmoja. Miaka miwili ya kwanza sikuona shida. Wa tatu ndio ukawa wa kusuasua.

Mei 2024 nikanunua iPhone 11 iliyotumika, GB 128, laki sita na nusu. Iangalie vizuri hiyo simu: ilitoka Septemba 2019, yaani ni kongwe kuliko niliyoikimbia, na RAM yake nayo ni GB 4. Hapo ndipo nilipopata hamu ya kuandika haya. Mtu akiniambia iPhone ni nyepesi kwa sababu ya RAM kubwa, namwekea hizi mbili mezani.

Siku ya kwanza nilikuwa naichezea tu. Nafungua mipangilio, naipandisha na kuishusha kwa kidole bila kutafuta chochote, inateleza kama mlenda. Ile ya zamani ukivuta orodha ya picha ilikuwa inatembea hatua mbili, inasita, inaruka. Hii haikusita.

Ninavyoelewa mimi ni hivi. Kioo cha iPhone 11 kinachora picha upya mara 60 kwa sekunde. Gawanya, utaona kila picha ina milisekunde 16 na ushei kuwa tayari. Ikichelewa, kioo kinarudia ile ya nyuma, na jicho linaona kukwama. Huko ndiko tunakokuita "simu nzito", hata kama ndani kazi inakwenda. Kwenye iPhone, uchoraji wa miondoko mingi umetengwa na programu yenyewe, kwa hiyo hata Instagram ikiwa imezubaa inatafuta mtandao, ukurasa unaofunguka mbele yako utaendelea kuteleza. Tena Apple ndio wanaobuni chipu, ambayo kwenye simu hii ni A13, na ndio haohao wanaoandika iOS, programu inayoendesha iPhone. Google, wenye Android, hawana nafasi hiyo kwa simu nyingi. Android ileile inabidi ikae kwenye simu ya laki mbili na kwenye simu ya milioni tatu. Tatizo walilijua mapema: Android 4.1 ya mwaka 2012 ilikuja na kazi waliyoipa jina la Project Butter, yaani siagi, kwa ajili ya kulainisha mwendo wa kioo. Na siagi ilisaidia kweli. Ila siagi haipanui mlango wa stoo.

Wiki ya pili nikaanza kuona jambo lingine. Laini siyo haraka.

Kazi yangu kwenye simu ni moja, inajirudia kutwa. Mteja anauliza WhatsApp, "Ile ya bluu yenye maua ipo?" Naenda kwenye picha, narudi na picha. Anasema ametuma hela. Naenda kwenye meseji kuhakiki, narudi kumjibu. Kwenye iPhone kila kuhama ni mteremko mzuri, programu inakua kutoka kwenye kidude chake, inajaa kioo, unatamani umwonyeshe mtu. Lakini mteremko nao una muda wake, na lazima uusubiri uishe. Ukiihesabu siku nzima, simu haikimbii mbio kama unavyodhani. Inakufanya usione kwamba unasubiri. Sisemi ni ulaghai. Mwenye mgahawa anayekuletea maji ya kunawa wakati wali haujaiva anafanya hivyohivyo, na hakuna anayemlaumu.

Tena GB 4 ni GB 4. Nikitoka Instagram nikapiga picha tano za mzigo mpya, nikirudi mara nyingi nakuta Instagram imeanza upya, na maelezo niliyokuwa naandika hayapo. Kwenye simu ya zamani nayo yalikuwa yanapotea, tofauti ni kwamba pale yalipotea kwa kelele: kioo cheupe, mduara unazunguka, halafu taarifa kwamba programu haijibu.

Video ndiyo iliyonisumbua kuliko yote. Nimezoea kumtumia mteja video ya sekunde arobaini, naikunjua doti aone upindo. Kwenye Android natuma, natoka WhatsApp, nafanya mengine, yenyewe inaendelea kupanda huko nyuma. iOS haikuundwa hivyo: programu uliyoiacha inapewa muda mfupi kumalizia, kisha inagandishwa ili ile uliyonayo mbele ipate nguvu zote. Ulaini ule unaousifu unalipiwa hapa. Na bando langu jioni halina kasi, basi nikirudi baada ya dakika kumi nakuta video imekwama nusu na mteja ameandika "???". Sasa nimejizoeza: nikituma video, namshikilia WhatsApp hapohapo mpaka alama zitokee. Najisikia mjinga kidogo, nimesimama nimekodolea simu kama nachemsha maziwa.

Kuhama kwenyewe kulinichukua usiku kucha, kwa kosa langu. Tangu 2022 WhatsApp inaruhusu mazungumzo yahame kutoka Android kwenda iPhone kwa kutumia programu ya Move to iOS, lakini iPhone lazima iwe haijaanza kutumika. Mimi nilikuwa nimeshaifungua, nimeshaweka na picha ya mjukuu wa dada yangu kwenye kioo. Ikabidi niifute yote nianze moja. Nenda ukijua hilo. Na kama unatumia zile WhatsApp za kuchakachua, zenye rangi rangi na kuona meseji zilizofutwa, mazungumzo yako hayahami kwa njia hii. Jirani yangu wa duka la pili aliyajua hayo siku ya kuhama, baada ya kuuza simu yake.

Sasa laini. Niliyoinunua ina tundu moja tu la laini, ya pili ni eSIM, laini isiyo na kadi. Zipo iPhone 11 za laini mbili za kadi, zilizotengenezwa kwa ajili ya China na Hong Kong, na ukizipata hapa muuzaji anaziita "dual" na anaongeza bei. Mtu wa Ulaya akisoma haya atashangaa nalia nini, lakini mimi wateja wangu nusu wanalipa mtandao huu, nusu mtandao ule. Mwaka mzima nimetembea na simu laini yenye laini moja, na kitochi pembeni kwa ajili ya namba ya pili. Wenzangu wa Kenya mliozoea kufungua M-Pesa kwenye menyu ya laini, msidhani iPhone haina. Ipo, ila wameificha ndani ya mipangilio ya data ya simu, kwenye programu za SIM.

Kitufe cha kurudi nyuma nilikikumbuka wiki mbili, nikakisahau.

Mwanzoni mwa 2025 ulaini ukaanza kupungua. Siyo kama ile ya zamani. Ilikuwa kama mtu aliyelala vibaya. Nikaingia kwenye afya ya betri: asilimia 76. Aliyeniuzia alinihakikishia betri ni nzuri, na mimi sikuangalia, kumbe iko kwenye mipangilio na kuiona hakuchukui hata dakika. Hapa kuna historia ya kujua. Desemba 2017 Apple walikiri kwamba programu yao ilikuwa inapunguza kasi ya baadhi ya iPhone zenye betri zilizochoka, ili zisizime ghafla. Watu walighadhibika, kampuni ikaomba radhi na kushusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29, na mwaka 2020 Ufaransa ikawatoza faini ya euro milioni 25 kwa kutowaambia wateja. Ukurasa ule wa afya ya betri ulikuja 2018, baada ya sakata hilo. Kwa hiyo iPhone ya mtumba ikizubaa, tazama betri kabla hujalaumu kitu kingine.

Fundi akaniambia niiache siku nne, betri aliyokuwa anaiamini haikuwa imefika. Siku nne zikawa saba. Wiki hiyo mwanangu wa chuo akaniazima Android yake mpya, RAM GB 8, kioo cha kuchora mara 120 kwa sekunde, hifadhi ya UFS. Bei yake mpya ilizidi kwa laki moja tu ile niliyolipa kwa yangu iliyotumika.

Nilikuwa tayari kuidharau. Nikafungua orodha ya picha, nikavuta, nikanyamaza. Kwenye mara 120 kila picha ina milisekunde nane na ushei, na ukiwa umezoea 60, kioo kinaonekana kama kimebandikwa kwenye kidole. Iliipita iPhone yangu waziwazi. Tena ni mwaka 2025 ndipo iPhone ya kawaida, iPhone 17, ilipofikishwa kwenye 120. Kabla yake ilikuwa ni za Pro tu, zile za ghali zaidi. Video zilipanda zenyewe nyuma. Laini zangu mbili zikakaa pamoja. Instagram ilinisubiri na maelezo yangu. Mara moja moja ilisita, hasa ilipokuwa inasasisha programu, na kusita kwenye simu laini kunaonekana zaidi, kama doa kwenye kanzu. Wiki nzima labda mara sita, saba. iPhone yangu ikiwa na betri nzima sikumbuki hata mara moja.

Kwa hiyo nikiulizwa "Android au iPhone?", siku hizi nauliza kwanza ni Android ipi, na ina hifadhi gani. Nilichokikimbia 2024 hakikuwa Android. Ilikuwa simu ya bei nafuu iliyojaa hadi kooni. Kwa bajeti ya laki saba na nusu hivi na mtu wa laini mbili, ningenunua kama ya mwanangu. Anayetaka simu ya kupiga picha nzuri, asiyejali laini ya pili, na yuko tayari kukagua betri kwa macho yake, iPhone 11 bado inatembea, na imo hata kwenye orodha ya zinazopokea iOS 26, ingawa mimi sijaiweka. Yangu imerudi na betri mpya, na ujumbe kwenye mipangilio unaolalamika kwamba sehemu hiyo haijulikani. Ulaini umerudi. Nimebaki nayo, maana sina laki saba na nusu nyingine.

Ile ya zamani sikuiuza, hakuna aliyeitaka. Mwanangu akaifuta yote, akaizima ile "+3", akaniambia nigonge namba ya toleo kwenye mipangilio mara saba. Simu ikanijulisha kwamba sasa mimi ni msanidi programu. Muuza vitenge! Ndani ya mipangilio ya wasanidi iliyofunguka tukapunguza miondoko ya kioo kutoka 1 hadi 0.5, na kwenye kurudi ukurasa wa kwanza sasa inaikaribia iPhone, bila mbwembwe. Sikuweka WhatsApp wala picha. Ina laini yangu ya pili na kazi ya malipo tu, imelala karibu na droo ya hela, kitochi nimempa mama.

Juzi nikamlipa yuleyule wa mzigo kupitia hiyo. Nne, tano, sifuri, sifuri, sifuri, zikatokea mojamoja kila nilipogusa. Nikazihesabu kwa kidole, ndipo nikatuma.