Fundi afundishwe ualimu, au mwalimu afundishwe ufundi?

Walimu wa ufundi hupatikana kwa njia mbili kuu: kumchukua fundi aliyebobea kazini na kumpa mafunzo ya ualimu, au kumchukua aliyesomea ualimu na kumpeleka karakana.

Fundi huja na mkono uliozoea. Kwenye kuchomelea, akisikia tu mlio anajua umeme umezidi au elektrodi (fimbo ya kuchomelea) iko mbali na chuma, hata kabla hajatazama. Shida ni kwamba mambo hayo huyafanya bila kuyafikiria, hivyo kuyaeleza humpa tabu. Atasema, "Tazama nifanyavyo," na kumaliza kabla mwanafunzi hajaona lolote. Mafunzo yake yakazie kuigawa kazi hatua kwa hatua, kupima umahiri, na kusimamia vijana 20 huku mashine zinazunguka.

Mwalimu wa kusomea anajua andalio la somo na tathmini. Lakini aulizwe kwa nini palipochomelewa pamepasuka baada ya kupoa, atakimbilia kitabu. Wiki chache za karakana hazimtoshi. Akae kiwandani, na arudi huko mara kwa mara maana vifaa hubadilika.

Mimi ningeanza na fundi. Mbinu za kufundisha hujengeka haraka kuliko uzoefu wa kazi, mradi mwaka wa kwanza asiachwe peke yake, awe na mwalimu mzoefu wa kukaa nyuma ya darasa na kumrekebisha. Kwenye masomo yaliyojaa hesabu, kama elektroniki, ningesita: huko mwalimu wa kusomea mara nyingi humpita fundi.