1HZ ya mtumba kwenye Land Cruiser iliyonoki: injini nzuri, lakini kwanza jua kilichoua ya zamani

Land Cruiser ya mfululizo wa 70 ikinoki, yaani injini ikiharibika ndani, mwenye gari huwa na njia mbili: ovaholi (kuifungua na kuitengeneza upya), au injini ya mtumba ya Japani, ambayo mara nyingi hupitia Sharjah kabla ya kufika kwenye maduka ya spea ya Gerezani (Dar es Salaam), Kirinyaga Road (Nairobi) au Kisekka (Kampala). Kama konrodi, mkono unaobeba pistoni, imetoboa bloku, ovaholi haina mjadala tena. Kama ni beringi za krankshafti tu zimelika, bado ina hoja, mradi mchongaji awe makini na spea ziwe za kweli. Hapa tunaipima ile ya mtumba: bidhaa yenyewe, na kazi ya kuifunga nyuma ya nyumba kwa nguvu za marafiki.

Kwanza sifa zake. 1HZ ni injini ya dizeli ya Toyota, silinda sita mstari mmoja, sisi (cc) 4,164, iliyoanza kufungwa 1990. Bloku na hedi ni chuma cha kumimina, haina turbo, na pampu yake ya dizeli haitegemei kompyuta. Fundi wa Karatu au Maralal anaifungua bila kuuliza mtu. Kwa gari la porini hatuoni mbadala wa maana kwa bei ya mtumba. Wanaoshawishi kufunga 1HD, ndugu yake yenye turbo, wakati injini iko nje wana lao, lakini hiyo ni kazi nyingine yenye gharama nyingine. Na wanaotaka kuibandikia 1HZ turbo ya pembeni wajue kwamba hedi yake inapasuka kirahisi kuzunguka vyumba vya kuwashia na katikati ya valvu joto likizidi.

Tatizo la bidhaa hii liko kwenye neno “1HZ” lenyewe. Injini nyingi zinazouzwa kwa jina hilo zimetoka kwenye basi la Coaster. Ndani ni ileile, nje siyo. Coaster za Japani ni volti 24, na Land Cruiser nyingi za huku ni volti 12. Ukiacha solenoidi (kivalvu cha umeme kinachofungua dizeli) ya volti 24 juu ya pampu, starta itazungusha mpaka betri ife na hakuna tone la dizeli litakalofika kwenye nozeli, kwa sababu volti 12 haziwezi kuivuta ifunguke. Hapo ndipo watu huanza kulaumu pampu. Hamisha solenoidi, hita plagi zote sita, starta na altaneta kutoka injini ya zamani. Usitegemee pia kwamba sampu (beseni la oili chini ya injini) na mikono ya mauntingi (vishikizo vya injini) itakaa: ekseli ya mbele ya Land Cruiser haiko pale ilipo ya basi. Sampu ihamishwe pamoja na bomba lake la kunyonyea oili, vyote viwili, la sivyo bomba litanyonya hewa kwenye mlima. Kama basi lilikuwa la otomatiki, hakuna flaiwili (gurudumu zito linaloshika klachi), na ile beringi ndogo ya mwisho wa krankshafti haipo. Angalia pia pampu ya vakyumu ya breki. Ikikosekana, gari litawaka vizuri na breki zitakuwa ngumu kama jiwe.

Dukani, injini iliyooshwa ikang'aa au kupigwa rangi ya fedha isikuvutie. Afadhali yenye vumbi la zamani. Fungua mfuniko wa oili: utando mweupe kama maziwa maana yake maji yamepita. Chungulia njia ya maji: mabaki ya kulanti ya kijani au nyekundu ni dalili njema, tope la kutu ni dalili kwamba iliendeshwa kwa maji ya bomba. Zungusha krankshafti kwa spana raundi mbili kamili, isikwame popote. Omba hita plagi zitolewe na kompresheni, yaani mgandamizo wa kila silinda, ipimwe. 1HZ nzima hucheza juu ya psi 400, na kinachotusumbua zaidi ya namba yenyewe ni tofauti: silinda moja ikiwa chini ya nyingine kwa zaidi ya psi 70, iache hapo. Muuzaji akikataa kupima lakini akakubali sampu ifunguliwe, hilo nalo lina thamani. Chembe za shaba au alumini chini ya sampu haziongopi. Dhamana iandikwe kwenye risiti na itaje bloku na hedi kwa majina. Chukua na karatasi za forodha, maana namba ya injini imo kwenye kadi ya gari na mabadiliko yanatakiwa kuandikishwa, TRA kwa Tanzania na NTSA kwa Kenya.

Sasa kabla ya kununua chochote, jua kilichoua ile ya kwanza. Tunalirudia hili kwa sababu kila kilichoizunguka injini bado kiko kwenye gari. Rejeta iliyoziba ipelekwe ikafunguliwe vichwa na kusuguliwa, si kumwagiwa maji ya mpira tu. Feni yenye klachi ya mafuta ipimwe injini ikiwa ya moto na imezimwa: ukiisukuma kwa kidole ikazunguka kama pangaboi, imekufa. Na ile tabia ya mafundi wetu kung'oa themostati ikomeshwe. Bila themostati, njia ya mkato ya maji hubaki wazi, sehemu ya maji inazunguka ndani ya bloku bila kupita kwenye rejeta, na asubuhi ya baridi injini haifikii joto lake. Weka mpya, kivalvu chake kidogo kikiangalia juu ili hewa itoke. Kama injini iliuawa na maji ya mto, chunguza njia nzima ya hewa kuanzia snokeli hadi boksi la fillta. Mpira mmoja uliopasuka unatosha kurudisha msiba. Njia hiyohiyo ndiyo inayopitisha vumbi.

Kuhusu marafiki: wanne wanatosha, sita ni wengi na spana zitapotea. Mmoja awe ameshawahi kushusha injini ya dizeli. Mmoja apewe kazi ya kuandika tu: kila waya na kila bomba lipate kipande cha utepe wa karatasi chenye namba, boliti za kila sehemu ziingie kwenye kopo lake. Kazi hii inaonekana ya kitoto, lakini ndiyo inayoamua kama Jumapili jioni gari litawaka. Injini na vifaa vyake inazidi kilo 300, kwa hiyo cheni bloku iwe ya tani moja au zaidi, juu ya fremu ya mabomba mazito. Tawi la mwembe si kifaa. Hakuna anayeweka mkono chini ya injini inayoning'inia, hata kwa sekunde.

Siku moja kabla, paka mafuta ya kulainisha kutu kwenye nati za ekzosti. Toa betri, mwaga maji na oili, toa boneti, grili na rejeta. Gia boksi ibaki kwenye gari, imeegemezwa kwa jeki. Kuitoa pamoja na injini kwenye gari hili kunaongeza uzito na urefu bila faida. Silinda ndogo ya klachi ining'inizwe pembeni bila kufungua bomba lake, na mtu asikanyage pedeli. Boliti za juu za kengele ya gia boksi (ganda lake la mbele linaloshikana na injini) hufikiwa kutoka chini kwa boksi spana yenye mikono mirefu iliyounganishwa.

Wakati injini haijarudi, kuna vitu vinavyobadilishwa kwa sababu tu sasa vinafikika: oili sili ya nyuma ya krankshafti, sili ya mbele ya gia boksi, klachi, pampu ya maji, na taimingi belti pamoja na tenshena yake. Belti ya 1HZ ni fupi, inaunganisha puli ya upande wa pampu na ya kamshafti, kwa hiyo kuibadilisha mezani ni kazi ndogo. Ikikatika barabarani, pistoni zinakutana na valvu. Linganisha alama, kisha zungusha kwa mkono raundi mbili na uangalie tena. Kilianzi (nafasi) ya valvu injini ikiwa baridi: za kuingiza 0.15 hadi 0.25 mm, za kutolea 0.35 hadi 0.45 mm. Nozeli na pampu zipelekwe kwa mwenye mashine ya kupimia. Hapo marafiki hawasaidii.

Pagumu kuliko pote ni kuunganisha injini na gia boksi. Injini itaingia vizuri, halafu itasimama ikiwa imebaki nafasi ya kidole kimoja. Kila mtu atatamani kuimalizia kwa kukaza boliti. Msifanye hivyo. Pengo hilo maana yake ni ama pembe haijalingana, ama meno ya shafti hayajakutana na diski ya klachi, ama diski haikuwekwa katikati. Tia gia, mtu mmoja azungushe krankshafti taratibu kwa spana kwenye puli ya mbele, mwingine ainue au ashushe jeki ya gia boksi nusu sentimita kwa wakati, wawili wasukume. Ikikubali, inaingia yenyewe kwa mlio mmoja. Ukiivuta kwa boliti utapasua sikio la kengele au utapinda diski, na utashusha injini upya.

Kabla ya kuwasha, chomoa waya wa solenoidi ya dizeli na uzungushe starta kwa vipindi vya sekunde kumi mpaka geji ya oili ipande. Kisha rudisha waya, bonyeza pampu ya mkono iliyo kwenye fillta ya dizeli mpaka iwe ngumu, legeza nati za mabomba ya nozeli, zungusha hadi dizeli itoke bila mapovu, kaza. Oili ni 15W-40. Nunua lita 10 na ufuate kijiti, si chupa. Moshi mweupe dakika za mwanzo ni kawaida. Moshi wa bluu usiokwisha baada ya nusu saa si kawaida. Maji yawe yamejazwa kabla ya kuwasha, huku hita ya ndani ikiwa wazi, na uongeze asubuhi yake, maana hewa huwa imebaki.

Badilisha oili na fillta baada ya kilomita 1,000, na ukaze upya mauntingi na ekzosti. Injini ya zamani usiiuze chakavu kabla ya hapo. Utairudia mara tatu kutafuta kikono cha altaneta, boliti ya urefu fulani au bomba la maji ambalo la Coaster limekataa kukaa.