Wiki tatu za skrini tupu: uzoefu wangu na kozi ya kusimbua FT8

Nilishabonyeza nyota moja na kwenda zangu kulala. Nimerudi kuandika kwa sababu kila nikikumbuka lile jibu la njiwa damu inanichemka, na najua kuna mwenzangu mahali fulani anakaribia kuingia mkenge ule ule.

Kozi siitaji jina. Ni ya video, masomo sita, na ahadi yake ni kwamba ukimaliza utakuwa unasoma ishara za kidijitali za redio ya ridhaa kwenye kompyuta kama unavyosoma meseji kwenye simu. Mimi sirushi, nasikiliza tu. Nina redio ya HF, yaani ya mawimbi mafupi, waya mrefu nilioutupia juu ya mti kuwa antena, na laptopu kuukuu ambayo kila mtu nyumbani ameshaikataa. Kwenye skrini yake nimeweka picha ya jogoo. Huyo jogoo mkumbukeni, atarudi.

Somo la kwanza ni zuri, nalisema mapema nisije nikaitwa mwenye kinyongo. Mwalimu anaeleza jinsi FT8, mtindo wa kurushiana ujumbe mfupi wa maandishi kwa redio, ilivyoingia hewani mwaka 2017, kazi ya Joe Taylor na Steve Franke. F na T ni za majina yao, 8 ni idadi ya toni. Na huyu Taylor ndiye yule yule aliyepata Nobel ya fizikia mwaka 1993, yeye na Russell Hulse, kwa kugundua pulsa, nyota inayotoa mapigo ya redio, inayozungukana na nyota nyingine. Mtu aliyezoea kuchambua minong'ono ya nyota akageukia redio, matokeo yake programu inaweza kutoa ujumbe mzima kwenye ishara iliyo desibeli 20 chini ya kelele, mahali ambapo sikio la binadamu linasikia mchanga ukimwagwa tu. Nilimaliza lile somo nikiwa sijiwezi kwa hamu.

Somo la pili likaanza kunichosha. "Weka redio kwenye 14.074 MHz, USB." Nikatumia jioni nzima kubadilisha nyaya na matundu ya laptopu, nikidhani ni USB ile ya kuchomekea flashi. Kumbe ni "upper sideband", ukanda wa pembeni wa juu wa mawimbi, kitufe kiko pale pale usoni mwa redio. Sawa, hilo ni la kwangu, sina wa kumlaumu. (Ingawa sentensi moja tu ingetosha.)

Kisha mwalimu akatoa agizo ambalo nililitii kama askari: zima kila kitu ndani ya nyumba kinachochafua mawimbi. Chaja za simu, taa za LED, televisheni, ruta ya intaneti. Nikazima vyote, na kuanzia siku hiyo ile laptopu haikuunganishwa tena na intaneti.

Nikafungua programu. Jamani, lile poromoko! Skrini ya bluu inashuka polepole, na juu yake michirizi ya njano na myekundu, myembamba, imesimama wima kama miwa shambani. Ukiongeza sauti ya redio unasikia kundi la filimbi, zote zinaanza pamoja, zinapandana na kushukana, halafu zote zinanyamaza pamoja. Kimya kidogo. Zinaanza tena. Kila mchirizi ule ni mtu, na upana wake ni Hz 50 tu, kwa hiyo makumi ya watu wanakaa kwenye nafasi ambayo mtu mmoja angeijaza kwa kuongea.

Na kwenye dirisha la pili, pale maandishi yanapotakiwa kutokea, hakuna kitu.

Nikangoja dakika tano. Nikangoja saa nzima. Kesho yake tena, na keshokutwa. Miwa inashuka, filimbi zinalia, dirisha jeupe. Programu haisemi "kuna kosa". Haisemi "sielewi". Inakaa kimya kama mkwe aliyeudhiwa. Nikasoma upya kila mpangilio, nikabadilisha kadi ya sauti, nikabadilisha waya. Kipimo cha sauti, ambacho kinatakiwa kikae karibu na 30, nikakipandisha mpaka kikawa chekundu, kwa sababu ndivyo mwalimu alivyojibu nilipomwandikia mara ya kwanza: "Ongeza sauti." Maneno mawili. Hata salamu hakuna.

Nikamwandikia tena, safari hii kwa adabu zaidi kuliko alivyostahili. Hapa nawaomba mnisikilize vizuri, kwa sababu ndipo penye kesi. Nilimweleza kwamba kwenye 14.070 nimejaribu PSK31, ule mtindo wa zamani wa Peter Martinez ambao mtu anachapa na wewe unaona herufi zikija moja moja, na kwamba PSK31 inasomeka! Siku hizi si wengi wanaoutumia, lakini nilimpata mmoja akisimulia habari za antena yake, herufi baada ya herufi, na mbili tatu tu zilizovurugika. Kwa hiyo redio nzima, waya mzima, sauti inafika. Ni FT8 peke yake inayonigomea. Nikaambatanisha na picha ya skrini.

Mtu yeyote anayejua kazi hii, nimekuja kuelewa baadaye, angesoma barua ile na kucheka, kisha angejibu kwa neno moja. PSK31 haijali ni saa ngapi. FT8 inajali kuliko kitu kingine chochote. Dunia nzima inarusha kwa zamu za sekunde 15, kuanzia sekunde ya 0, ya 15, ya 30 na ya 45. Ujumbe unachukua sekunde 12.64, na kinachobaki ndicho kile kimya kidogo nilichokuwa nakisikia. Programu inategemea saa ya kompyuta yako ili ijue wapi ujumbe unaanza. Saa ikipotea sekunde moja inavumilia. Zikifika nne, imekwisha habari yake, inakuwa inakata mkia wa ujumbe mmoja na kuushona kwenye kichwa cha mwingine.

Jibu nililopata ni hili, nalinukuu lote: "Ndugu, kama hata hili linakushinda, fuga njiwa."

Fuga njiwa! Mtu mzima, nimelipa, nimeuliza kwa heshima na ushahidi nimeambatanisha. Niliifunga laptopu, na kwa siku kadhaa sikutaka hata kuiona ile redio.

Aliyeniokoa ni ile picha ya skrini. Nilikuwa nataka kuifuta, nikaikuza kwanza. Kwenye poromoko programu huchora mstari wa kijani wa mlalo kila zamu mpya inapoanza, na pembeni yake imeandikwa saa. Mstari ule ulitakiwa upite kwenye kimya, pale peusi katikati ya mwisho wa hawa na mwanzo wa wale. Kwangu ulikuwa unaikata miwa shingoni. Yote, kila mstari, mahali pale pale. Nikachukua simu, nikaiweka pembeni ya laptopu. Simu: sekunde ya 15. Laptopu: sekunde ya 11.

Sekunde nne. Betri ndogo ya ndani imechoka, saa inaburuta miguu, na kawaida intaneti ndiyo ingeirekebisha kila siku bila mimi kujua. Lakini ruta nilikuwa nimeizima. Kwa agizo la nani?

Nikawasha ruta, nikasawazisha saa, nikaizima. Mstari wa kijani ukashuka ukatua peusi, safi kabisa. Filimbi zikaimba, zikanyamaza, na dirisha jeupe likajaa kwa mpigo mmoja, mistari kumi na saba. Nilipiga kelele hadi mtu wa chumba cha pili akauliza kuna nini. CQ, CQ, CQ, yaani yeyote anayenisikia ajibu, watu wanaita kutoka kila upande. Mmoja alama yake ya wito inaanza na JA, Japani, mraba wake wa ramani PM95, nguvu ya ishara -19, yaani desibeli 19 chini ya kelele. Nilitega sikio nimsikie huyo mtu kwenye spika. Hakuna kitu, mchanga mtupu. Lakini jina lake lilikuwa pale limeandikwa.

Baada ya hapo nilikesha siku mbili. Ujumbe wenyewe ni mfupi kupita kiasi, biti 77 tu: nani anamwita nani, yuko mraba gani, nimekusikia kwa nguvu gani, kisha RR73, yaani nimepokea, kwaheri. Na hiyo RR73 ukiisoma kama mraba wa ramani, inaangukia katikati ya Bahari ya Aktiki, kwa hiyo hakuna hatari kubwa ya kumchanganya mtu anayeaga na mtu anayeishi hapo. Nilicheka peke yangu usiku wa manane. Hilo nalo halimo kwenye kozi.

Kwa hiyo nilipoa. Nikasema haki ni haki: bila somo la kwanza nisingeanza kabisa, na somo la tano, la kusoma PSK31 na RTTY (maandishi ya teleksi kwa redio) pamoja na jinsi ya kutofautisha sauti zake kwa sikio, limetulia mno. Nikapandisha kuwa nyota tatu. Nilishaanza kuandika kwamba ukivumilia tabia yake, kozi inafaa.

Kabla sijatuma nikaingia nihakikishe majina ya masomo. Somo la tatu lina kipande kipya mwanzoni, kama dakika mbili. "Wanafunzi wengi huniuliza kwa nini hawaoni maandishi," anasema kwa sauti ya upole ambayo mimi sikuwahi kuipata. "Angalieni saa zenu." Nyuma yake kuna picha ya poromoko lenye mstari wa kijani unaokata ishara shingoni. Amezungushia duara jekundu. Amekata kingo za picha, lakini hakukata vya kutosha. Chini kushoto, nusu ya kichwa na kishungi chote, jogoo wangu anachungulia.

Nyota mbili.