Uzoefu wangu: mpira laini wa Pachmayr Decelerator kwenye kitako cha .375

Huu ni mpira wa kupunguza makali ya teke la bunduki, yaani msukumo wake begani inapofyatuliwa. Nimeufunga kwenye bunduki ya kuwindia ya .375 H&H Magnum (aina ya risasi kubwa) yenye kitako cha mbao ya walnati, palipokuwa na bamba la plastiki ngumu. Ni wa unene wa inchi 1 (milimita 25), aina inayouzwa ikiwa pana kuliko kitako ili isagwe kufuata umbo. Teke la bunduki linabaki na nguvu ileile, ila mpira unalichelewesha na kulitandaza begani. Tofauti unaisikia zaidi unaporekebisha shabaha ukiwa umekaa mezani, bega likiwa halina pa kurudi. Kwa hilo ninausifu bila kusita.

Kazi ipo kwenye ufungaji. Hakikisha bunduki haina risasi, toa bolti (komeo la chuma linalofunga chemba ya risasi), kisha tenganisha kitako na chuma. Pima kutoka triga hadi katikati ya uso wa nyuma wa kitako. Bamba la zamani lilikuwa na milimita 6, mpira una 25, hivyo ili urefu usibadilike zinakatwa milimita 19 za mbao. Zungushia utepe wa karatasi panapopita msumeno, la sivyo ukingo unabanduka vipande. Sawazisha uso wa mbao kwa msasa namba 80 uliolazwa juu ya kioo. Matundu ya zamani yasipolingana na ya mpira, yazibe kwa vijiti vya mbao ngumu na gundi, kisha toboa upya.

Skrubu kwanza zisukume kutokea upande wa mpira unaogusa mbao. Usoni panapovimba, chana kidogo kwa wembe, kisha ziingize skrubu kupitia hapo. Paka sabuni ya maji kwenye skrubu na kwenye shina la bisibisi. Shina liwe la mviringo na laini, maana lenye kona linararua mpira na kidonda hakifichiki tena.

Mpira ukishakaa, funika mbao kwa tabaka mbili za utepe, chora mzunguko wa kitako kwa sindano kwenye bamba gumu la chini ya mpira, kisha uufungue ukausage. Hapa ndipo wengi huharibu: wanasaga wima. Mstari wa chini wa kitako umelala kwa mshazari, na pembe ya chini ya mpira lazima iendeleze mshazari huohuo. Ukisaga wima, pembe hiyo inakatika ghafla na kitako kizima kinaonekana kibovu. Tengeneza kishikio cha ubao kinachoinamisha mpira kwa mshazari huo kwenye mashine ya msasa.

Tumia mkanda mpya, namba 80, na usikandamize. Joto linalainisha mpira, unakuwa kama ulimbo na kuziba mkanda. Kuulaza kwenye friza usiku kucha kunasaidia, lakini ugumu huo hudumu dakika chache tu. Saga kidogo, rudisha, saga tena. Acha nusu milimita nje ya mstari, umalizie kwa mkono, namba 120 kisha 220, mpira ukiwa umefungwa na mbao ingali na utepe. Vaa barakoa. Vumbi lake jeusi likiingia kwenye vinyweleo vya walnati isiyo na vanishi, halitoki.

Pembe ya juu izungushe vizuri, kwa sababu mpira laini hukamata shati unapopandisha bunduki begani. Kabla ya kufunga mara ya mwisho, paka vanishi mara mbili kwenye mbao iliyokatwa, maana hapo ndipo unyevu hupenya. Baadaye usiuguse mpira kwa mafuta ya bunduki, na usiihifadhi bunduki ikiwa imesimama juu yake miezi mingi.