Uzoefu wangu na seti ya kufufua kabureta: ilitibu nusu ya kusita kwa injini

Gari langu ni la mwaka 1984, lina injini ya petroli ya silinda nne na kabureta (kifaa kinachochanganya hewa na petroli) ya makoo mawili. Kwa karibu miezi minne lilikuwa na tabia moja ya kuudhi: nilipokanyaga mafuta ghafla ili kuondoka, injini ilinyamaza kwa muda kama imekatiwa umeme, kisha ikashtuka na kurukia mbele. Nilipokanyaga taratibu liliondoka, ingawa kwa uzito kidogo, na nilipokuwa katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa sikuona dosari yoyote. Fundi wa kwanza alibadilisha plagi, nyaya zake na koili, akanirudishia gari likiwa na ugonjwa uleule. Ndipo nilipoamua kununua seti ya vipuri vya kufufua kabureta na kuifanya kazi mwenyewe.

Kabla ya kuagiza chochote nilitaka kujua kama kabureta ndiyo yenye kosa, kwa sababu moto dhaifu, hewa inayoingia pasipostahili na mafuta yasiyotosha vyote vinaweza kumfanya dereva aseme kwamba gari linasita. Kilichonielekeza ni ule wakati wenyewe wa kusita. Kipepeo cha kabureta, yaani bamba linalofungua njia ya hewa ukikanyaga mafuta, kinapofunguka ghafla, hewa hukimbilia ndani papo hapo, lakini petroli, kwa kuwa ni nzito, huchelewa, na sehemu yake hugeuka matone na kunata kwenye kuta za manifoldi, mabomba yanayopeleka mchanganyiko kwenye silinda. Kwa muda mfupi injini hupata mchanganyiko wenye hewa nyingi mno kuliko uwiano wa takriban 14.7 za hewa kwa 1 ya petroli kwa uzito. Kuziba pengo hilo ni kazi ya pampu ndogo ya kuongezea mafuta iliyo ubavuni mwa kabureta, ambayo hurusha petroli kooni kila mguu unaposhuka. Hitilafu inayojitokeza kwa mkanyago wa ghafla tu inaelekeza kidole hapo kabla ya mahali pengine popote.

Kipimo chenyewe hakihitaji kifaa. Nilizima injini, nikaondoa kifuniko cha chujio la hewa, nikamulika kooni kwa tochi na kuzungusha kipepeo kwa mkono. Mchirizi mwembamba wa petroli ulipaswa kuruka mara tu kipepeo kilipoanza kusogea. Mimi nilipata tone moja, nalo lilikuja kipepeo kikiwa kimeshafika nusu ya safari yake. Siku nyingine, injini ikiwa ya moto, nilivuta choki, ambayo hupunguza hewa inayoingia, kidogo huku nikiendesha, na kusita kukapungua kwa kiasi cha kuonekana. Huo ulikuwa ushahidi wa pili kwamba injini ilikuwa na njaa ya mafuta wala haikuwa imeshiba kupita kiasi. Mwisho nilipuliza dawa ya kusafishia kabureta kuzunguka gasketi ya chini na mipira ya manifoldi, injini ikiwa sailensa (inaunguruma taratibu bila kukanyagwa mafuta) na kizima moto kikiwa karibu, nikisikiliza kama mzunguko utabadilika. Haukubadilika, nami nikahitimisha kwamba hakuna hewa inayovuja. Hitimisho hilo lilikuwa na kasoro, na nitalirudia baadaye.

Seti ilikuja ikiwa na diaframu ya pampu (utando wa mpira unaosukuma petroli), sindano ya boya, inayozuia petroli bakuli la kabureta likijaa, pamoja na kiti chake, gololi ya vali, oringi za skrubu za mchanganyiko, washa za shaba na gasketi zote. Jeti, yaani vipande vyenye vitundu vya kupimia mafuta, hazimo, jambo ambalo kwangu si upungufu, kwani jeti ya shaba nyeupe haichakai haraka, na ikiziba husafishwa. Nilipofungua pampu ya zamani nilikuta diaframu imekakamaa kama ngozi kavu, ina ufa pembeni mwa chuma cha katikati, na gololi ya vali imeng'ang'ania mahali pake kwa utandu wa mafuta yaliyooza. Yaani hata kama diaframu ingekuwa mpya, petroli isingepata njia. Kwa hiyo anayebadilisha diaframu peke yake bila kufungua na kuosha mifereji anajipunja. Mimi nililoweka mwili wa kabureta, nikapuliza kila tundu kwa hewa ya kompresa, na sikuingiza waya kwenye jeti hata moja, kwa sababu mkwaruzo mdogo tu hupanua tundu na kuharibu kipimo.

Ubora wa mpira ulinipendeza. Diaframu mpya ni laini, imeshonwa vizuri kwenye kitako chake, na miezi sita baadaye niliifungua kuikagua, nikaikuta haijavimba wala kukauka, ingawa petroli ninayotumia ina ethanoli, ambayo huiharibu mipira mingi ya magari ya zamani. Sindano ya boya nayo inafunga kabisa. Harufu ya petroli niliyokuwa nikiisikia asubuhi ilikoma siku ileile.

Malalamiko yangu ni mawili, na la kwanza si dogo. Ndani ya pakiti kulikuwa na gasketi mbili za kifuniko zinazofanana mno, kwa kuwa seti moja imetengenezwa kutumika kwenye kabureta za aina kadhaa. Moja kati ya hizo haina tundu la mfereji unaokwenda kwenye pampu. Mimi niliweka hiyo isiyofaa, nikafunga skrubu zote, na pampu ikawa kavu kuliko hapo awali. Saa nzima ilipotea kabla sijalinganisha gasketi mpya na ya zamani, tundu kwa tundu, kazi ambayo ningepaswa kuifanya mwanzoni. Karatasi ya maelekezo haikutaja hilo hata kwa neno moja. La pili ni kwamba karatasi hiyo inatoa kimo kimoja tu cha boya, ambacho si cha kabureta yangu, na ningekifuata, mafuta kwenye bakuli yangekuwa chini mno na kusita kungerudi kwa mlango mwingine. Nilitumia kipimo cha kitabu cha gari.

Baada ya kurekebisha hayo, mchirizi uliruka kama inavyotakiwa, na ule mnyamazo wa kukanyaga ghafla ukaisha kabisa. Hata hivyo gari liliendelea kuwa zito nilipoondoka taratibu, na kwa wiki mbili niliilaumu seti bure. Chanzo kilikuwa kwenye distributa, kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa plagi. Nilichomoa mpira mwembamba unaotoka kwenye kabureta kwenda kwenye kikopo cha distributa, ambacho huwahisha cheche kwa mvuto wa hewa, nikaufyonza kwa mdomo: sahani ya platini (swichi ndogo inayokata umeme ili cheche itoke) haikusogea, na hewa ilipita bila kizuizi. Diaframu ya humo ilikuwa imechanika. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kipimo changu cha dawa kilinidanganya, kwani kwenye gari langu mpira huo huvuta kutoka juu kidogo ya kipepeo, na injini ikiwa sailensa tundu hilo halina mvuto wowote, kwa hiyo uvujaji haujulikani hadi kipepeo kifunguke. Nilibadilisha kikopo, nikapanga nafasi ya platini kwa fila geji, vibamba vyembamba vya kupimia mwanya, kuwa milimita 0.4, kisha nikaweka taimingi, yaani wakati wa cheche kutoka, upya kwa taa yake.

Seti yenyewe ningeinunua tena, na nimekwisha kumshauri jirani mwenye gari kama langu aichukue, kwa sharti kwamba kwanza amulike kooni na kuona kama pampu yake imekauka. Ikiwa mchirizi wake ni mzima, asiguse kabureta. Aanze na kile kikopo cha distributa, ambacho hukaguliwa kwa dakika mbili bila kufungua skrubu yoyote. Anayeinunua atenge pia alasiri nzima, asitupe gasketi za zamani hadi gari liwake, na aangalie mahali anapoiweka gololi: ni ndogo kuliko punje ya mtama, na yangu niliitafuta chini ya meza kwa sumaku.