Gambuti za shilingi 35,000: nimezivaa siku 7 Rwenzori

Mimi ni wakala wa forodha hapa Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya. Kazi yangu ni kukimbizana na madereva wa malori na karatasi zao, na mlima niliouzoea ni ule mwamba wa Tororo ninaoutazama nikipita mjini. Aliyenitia kwenye habari hizi ni shemeji yangu. Yeye na wenzake wawili wa Kampala hawakai likizo bila kupanda mahali, safari hii ya milima ya Rwenzori, magharibi mwa Uganda, wakapungukiwa mtu wa nne wa kuchangia gharama, akanipigia: "Shemeji, wewe unasimama mpakani kutwa. Miguu unayo."

Nikajiandaa kitajiri. Nilinunua buti za ngozi za mlimani, mitumba, shilingi 180,000 za Uganda, muuzaji akiniapia zimetoka Uswisi. Huenda zilitoka huko kweli, ila gundi ilikuwa imeshazeeka. Siku ya kwanza, kabla hatujafika kibanda cha Nyabitaba, mita 2,651 tu, soli ya kulia ilikuwa inacheka.

Kilichoniokoa ni ubishi wa kiongozi wetu, kijana wa Kikonzo. Asubuhi ile alitusimamisha sokoni Kasese akasema hapandi na mtu asiye na gambuti. Nilinuna. Gambuti kwangu ni za kukamulia ng'ombe. Nikatoa 35,000 shingo upande, nikazitupa kwenye gunia la mpagazi nikijua zitarudi mpya.

Ni nyeusi, zinaishia chini kidogo ya goti, ndani zina kitambaa chembamba, soli ina meno marefu. Jina la kampuni halipo, kuna namba tu. Mimi ni 42, kiongozi akanilazimisha 43: soksi utavaa mbili, na mguu hauna budi kusogea ukianza kushuka. Hiyo namba moja ya ziada ndiyo ya maana kuliko yote nitakayoandika hapa. Mwenzetu mmoja alichukua saizi yake kamili, akarudi Kampala na kucha mbili nyeusi za vidole gumba.

Siku ya pili tulivuka daraja la Kurt Shafer, tukapita mianzi, tukalala kibanda cha John Matte, mita 3,414. Tope lipo lakini unaweza kulikwepa kwa kurukaruka juu ya mawe. Ya tatu ndiyo yenyewe. Hapo unaingia Bigo, bonde lililojaa maji na mafundo ya nyasi yanayofika kiunoni, unaruka kutoka fundo hadi fundo kama mtoto anayecheza, na fundo lenyewe linatikisika. Kuna sehemu wameweka mbao. Pasipo na mbao, nilikanyaga nikazama mpaka gotini, tope likamiminika ndani ya gambuti ya kushoto, na mguu ulipotoka gambuti ilibaki chini. Nilisimama kwa mguu mmoja nimeshika tawi la mti wenye ndevu za kuvu, huku Wazungu watatu tuliokuwa tukipishana nao tangu asubuhi wakisubiri kwa adabu nimalize aibu yangu. Nao walivaa gambuti. Fimbo zao za kutembelea ni za gharama, makoti yao sijui yanauzwa bei gani, lakini kuanzia gotini kwenda chini tulikuwa sare.

Mzee mmoja katika wapagazi, umri wa kunizaa, ndiye aliyerudi kuichomoa. Akaimwaga maji, akanikalisha juu ya mzigo wake.

"Kijana wangu, leta na ya pili."

Akatoa mfukoni kipande cha godoro kuukuu, akakikata kwa kisu kwa kufuata unyayo wangu, viwili, akavisukuma ndani kama nyayo za ziada. Kisha akachukua ukanda wa tyubu ya baiskeli akaufunga kwa juu, chini ya goti, ukakaza mdomo wa gambuti kwenye suruali.

"Mzee, damu itapita kweli?"

"Itapita. Iko muzuri sasa. Twende."

Kiswahili chake ni cha kuvuka mpaka wa Mpondwe kufanya biashara. Upande wa pili wa mlima ni Kongo, ndugu za Wakonzo huko wanaitwa Wanande, lugha yao ni ile ile. Mimi nilidhani nimekwenda mahali ambapo Kiswahili changu cha mpakani hakina soko, kumbe nimetoka mpaka mmoja nimeingia mwingine. Baada ya tyubu ile, tope halikuingia tena hata tone. Kama mtengenezaji anasoma: weka ukanda juu, mzee wa watu amekuonyesha bure.

Sasa kasoro, maana zipo. Kwanza ni baridi. Kuanzia kibanda cha Bujuku, mita 3,962, mpira haukusaidii kitu, ukisimama dakika 10 vidole vinakufa ganzi, na kitambaa cha ndani kikishalowa hakikauki mpaka urudi Kasese. Tulizipindua juu ya vijiti karibu na jiko, zikatoa moshi na harufu ambayo sitaieleza. Pili, kwenye mwamba uliolowa, ule wa kupandia kibanda cha Elena, zinateleza kama sabuni. Tatu, kwenye barafu hazifai kabisa, kwa sababu yale meno ya chuma yanayofungwa chini ya kiatu yanataka buti ngumu isiyopinda. Wanaofika Margherita, kilele cha juu kabisa, mita 5,109, wanabadilisha viatu.

Mimi sikubadilisha. Niliishia Elena, mita 4,541, kichwa kikinigonga, nikabaki na mpishi tukinywa chai wenzangu walipoondoka usiku wa manane. Shemeji alirudi mchana, midomo imepasuka, akasema alichokiona kwa wingi ni mawe. Mwitaliano Luigi Amedeo, aliyefika kileleni wa kwanza mwaka 1906, asingevitambua vilele alivyovipa majina mwenyewe, barafu imekimbia hivyo. Kiongozi wetu alisikiliza tu, kisha akasema wazee wao waliamini mungu wao Kitasamba anakaa huko juu, na theluji ilikuwa ya kwake. Hakuendelea na sisi hatukumuuliza.

Kasoro ya nne si ya gambuti, ni ya wanaozivaa. Kwenye vibanda zinapangwa mlangoni, jozi 15 nyeusi zinazofanana. Kwenye kibanda cha Kitandara niliamka nikakuta ya kulia ni yangu, ya kushoto ni 41. Mwenye 41 alikuwa ameshaondoka na 43 yangu na godoro la mzee ndani. Mpagazi mmoja alikimbia kumfuata, nusu saa nzima, akarudi nayo anacheka. Fungeni uzi wa rangi, jamani.

Kushuka kutoka pito la Freshfield hadi kibanda cha Guy Yeoman ni siku ya magoti, sina la kuongeza.

Langoni Nyakalengija ni desturi mtu kuacha anachoweza pamoja na bahashishi. Buti za Uswisi nilimpa mzee. Alizikunja soli kwa vidole, akatikisa kichwa, akasema atazishona kwa uzi wa nailoni na mjukuu atavalia kanisani. Gambuti alizitazama pia. Nikajifanya sijaona.

Nimerudi nazo Malaba, na tyubu yake ikiwa bado imefungwa. Wiki jana mvua ilinyesha usiku kucha, yadi ya malori ikawa Bigo, na mimi nikapita katikati ya madimbwi na karatasi zangu, soksi kavu. Dereva mmoja wa Mombasa, suruali ameikunja na viatu ameshika mkononi, akaniita kutoka mlangoni mwa lori akitaka kujua nimezinunua wapi. Nikamwambia Kasese, na aongeze namba moja.